Siku Niliyomfufua Mzee Makokha

Nitasema mapema ili tusipotezeane muda: mimi ndiye yule msichana wa Jogoo Road aliyepiga kelele msibani kwamba marehemu anapumua. Najua mmesikia. Mmesikia nilikuwa nimelewa, mmesikia nilipandwa na pepo, na kuna hata toleo moja (nililisikia kwa masikio yangu nikinunua sukuma wiki, mwenye kibanda hakunitambua) ambamo maiti iliketi ndani ya jeneza ikaniita kwa jina. Sikuwa nimelewa, pepo hakuwepo, na maiti haikuketi. Ingeketi, leo ningetembea mtaani nikiwa na heshima zangu zote.

Wanaonijua wanajua kwamba mimi huuliza maswali. Nikiwa mdogo nilimuuliza mwalimu wa shule ya Jumapili nani alifagia kinyesi ndani ya safina, nikatolewa nje nisimame juani, na labda ndipo mapenzi yangu na jua yalipoanzia. Leo nasomea shahada ya uzamifu, na kazi yangu iko katika ile teknolojia inayoitwa ya nano, yaani natengeneza chembe ndogo kiasi kwamba ukizipanga maelfu kwa maelfu juu ya upana wa unywele mmoja bado nafasi inabaki. Chembe hizo tunazitia kwenye utando mwembamba unaopakwa juu ya kioo cha kawaida, nazo humeza mwanga wa jua na kuutema tena ukiwa mwekundu, kisha mwanga ule mwekundu husafiri ndani ya kioo hadi kwenye kingo zake, ambako tunabandika vipande vya seli za sola. Ndoto yetu ni kwamba siku moja dirisha la nyumba litatoa stima bila kuacha kuwa dirisha. Mtaani wamefupisha: Akinyi anapika jua. Na kwa sababu nimekaa chuo kikuu miaka hii yote bila kufukuzwa wananiita Daktari, ingawa udaktari wenyewe bado naufukuzia.

Sasa, vioo vyetu vilifanya vizuri mno juu ya paa la chuo, na mimi (ule ugonjwa wangu wa kuuliza) nikamwambia profesa kwamba lile paa si Nairobi, lile ni paa la wageni, hewa safi na miti, kwa nini tusivijaribu mahali penye vumbi la malori na moshi unaopeperuka kutoka dampo la Dandora? Akasema, haya, vipeleke kwenu. Nikavipeleka. Vilikaa juu ya mabati ya nyumba ya mama yangu msimu mzima, na nilipoviteremsha nikazibandua zile seli za pembeni, nikavifunga kwa magazeti, nikavisimamisha nyuma ya kitanda changu vikingoja siku nitakayopata gari la kuvirudisha maabara. Kwenye chumba chenye giza, kioo changu hukitofautishi na cha dirisha la choo. Kina weusi kidogo tu, kama maji yaliyooshewa kikombe cha chai.

Katikati ya hayo Mzee Makokha akafa.

Mzee Makokha alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mstaafu wa reli, mtu wa Bungoma, mpole, mrefu hadi akiingia kwetu aliinama kama anayeswali. Alifia kitini. Mke wake, Mama Nafula, alimwacha akisikiliza redio, akaenda jikoni kumchemshia chai ya tangawizi, akarudi na kikombe akamkuta amekwisha kuondoka. Basi hivyo tu. Jirani mmoja muuguzi akamshika mkono, akatikisa kichwa, na mzee akapelekwa mochari. Na mimi, kwenye kikao cha majirani cha kupanga mazishi, mbele ya watu wazima, niliuliza: alipimwa na nani? Kwa kifaa gani? Mtu akishikwa mkono tu tunajuaje? Mama yangu alinifinya paja hadi machozi yakanitoka, ambayo watu waliyadhania ya huzuni.  Mama Nafula aliniangalia tu, muda mrefu, na sikuelewa nilikuwa nimempandia mbegu gani.

Mtaani kwetu kukiwa na msiba nyumba hazina mwenyewe. Milango inaachwa wazi, na anayetumwa anaingia popote kuchukua kinachohitajika, viti, sufuria, pipa la maji, mapazia hata, na ukirudi jioni ukakuta kitanda chako kimekaliwa na shangazi wa mtu usiyemjua unamsalimu tu. Asubuhi ya siku ya kumsafirisha mzee, mwili ulikuwa upitie nyumbani majirani wamuage kabla ya safari ya Bungoma, na mimi nilikuwa maabara, jicho kwenye mashine isiyotaka kuachwa hata dakika, simu ikalia.

"Akinyi, kuna kitu chako wanakihitaji hapa kwa kina Mama Nafula, na fundi amesema..."

"Mama, chukueni chochote."

"Nisikilize kwanza, si unajua wewe vitu vyako ni vya shule..."

"Chochote, Mama. Msiniulize. Nakuja kabla ibada iishe."

Nikakata. Nilijiona mkarimu, hata.

Nilifika saa sita hivi, jua likiwa kichwani. Tenti nyeupe ilikuwa imefungwa kati ya nyumba zetu mbili, tenti kuukuu iliyofumuka mshono katikati, na upepo ukivuma ule mshono ulifunguka na kujifunga, kipande cha jua kikaanguka ndani na kuondoka, kikaanguka na kuondoka. Jeneza lilikuwa chini ya mshono huo. Mchungaji alikuwa amemaliza, watu walikuwa wamepanga foleni ya kutazama mwili, nikajiunga.

Jambo la kwanza nililoliona ni kimya. Ninyi mnaijua foleni ya kutazama mwili kwa watu wa magharibi mwa Kenya: mtu huenda polepole, kimya, akifika pale kwenye kidirisha cha kioo cha jeneza anapasuka, anapiga nduru, anashikwa mikono. Siku hiyo ilikuwa kinyume. Watu walikwenda wakilia na kurudi kimya. Mmoja baada ya mwingine waliinamia jeneza, sauti ikakatika kama redio iliyochomolewa, wakarudi kwenye viti vyao vya plastiki wakaketi mikono magotini, bila kutazamana. Hata kuku wa Mama Nafula walikuwa wamekusanyika chini ya basi la safari, hawadonoi kitu.

Kevo, ambaye tulisoma naye msingi na sasa anaosha magari karibu na mahakama ya Makadara, alipita akirudi. Kevo hajawahi kunipita bila kunitania.

"Niaje, Kevo? Kuna nini?"

"Daktari, enda ujionee." Hakusimama. "Mi hiyo kitu sitaki kuiongea. Wewe si ndiye wa sayansi? Enda."

Mbele yangu alikuwa nyanya mmoja wa kanisa, mfupi, kitambaa cheupe kichwani. Aliinama, akakaa pale muda mrefu kuliko inavyostahili, kisha akageuka akaninong'oneza bila kunijua, kama mtu anayesema na ukuta: "Ana damu huyu. Anangoja mtu."

Nilicheka kwa pua (naapa, nilicheka) nikajiambia, huu ndio ujinga ninaopambana nao kila siku. Nikapiga hatua, nikainama.

Mzee Makokha alikuwa na rangi. Sisemi kwamba alionekana kama amelala, kila mtu husema hivyo. Nasema mashavu yake yalikuwa na wekundu wa mtu aliyepanda ngazi, midomo ilikuwa na damu, na upande wa masikio, pale kitambaa cheupe cha jeneza kilipomgusa, kulikuwa na joto fulani la rangi, kama mtu aliyeketi karibu na makaa. Nikatazama. Na nikiwa natazama, rangi ikaondoka. Uso ukawa jivu, ukawa maiti kama maiti nyingine. Nikashusha pumzi. Rangi ikarudi. Ilipanda taratibu kutoka kidevuni hadi kwenye paji la uso, ikakaa, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Mtu akiwa usingizini kifua chake hupanda na kushuka vivyo hivyo.

Nywele za mikono zilinisimama. Lakini mimi ni mtafiti, sikubali kwa jicho moja, nikasema nitafute ushahidi wa pili. Nikainamisha uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Na pale, juu ya midomo ya Mzee Makokha, kioo kikafanya ukungu. Duara dogo la ukungu. Likafifia. Likaja tena. Likafifia.

Mtu mwenye akili angejiambia mambo mawili. La kwanza, kwamba mzee huyu amekaa mochari wiki nzima, kwenye baridi, ametiwa dawa, na kwamba hakuna mapafu yanayovumilia hayo. La pili, kwamba kioo kilichokaa karibu na mwili wa baridi hufanya ukungu ukikipumulia, na kwamba aliyekuwa anakipumulia, kwa hofu, kwa kasi, pua ikiwa karibu kukigusa, ni mimi. Ile pumzi ilikuwa yangu! Nilikuwa natazama pumzi yangu mwenyewe inakuja na kuondoka kwenye midomo ya mtu mwingine. Lakini sikujiambia hayo. Nilijiambia: aliyempima alimshika mkono tu.

Nikainuka nikapiga kelele.

"Simameni! Anapumua! Mzee anapumua!"

Labda mnafikiri watu walikimbia. Hawakukimbia. Walisimama wote kwa pamoja, viti vikalia mkwaruzo mmoja, na nilielewa kwa nini kulikuwa kimya: kila mmoja wao alikuwa ameona, na kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aseme. Na aliyesema alikuwa mimi, nisiyeamini kitu.

"Wewe msichana, toka hapo." Huyu alikuwa Mzee Simiyu, kaka mkubwa wa marehemu, aliyetoka Bungoma kuja kumchukua ndugu yake. "Huyu ametoka kwa friji asubuhi hii. Nimemvalisha mimi mwenyewe, kwa mikono hii."

"Njoo utazame, mzee."

"Nimetazama!" alisema, na sauti yake ikapungua. "Nimetazama. Ndiyo maana nasema toka."

"Daktari amesema anapumua," mtu akasema nyuma. "Akinyi haamini hata Mungu, atadanganya nini?"

Hapo ndipo Mama Nafula aliposimama kutoka kwenye mkeka. Alikuwa hajalia tangu asubuhi, wanawake walikuwa wakinong'onezana kuhusu hilo. Alikuja hadi jenezani akitembea kama mtu wa nyumbani mwake, akanishika mkono, akauminya. Uso wake, jamani. Msiniulize habari ya uso wake.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ulipouliza nani alimpima, nilijua. Nimelala nikiuliza hivyo hivyo." Kisha akawageukia wanawake wa jikoni, na hakupaza sauti: "Mleteeni chai yake. Ya tangawizi, sukari kidogo. Hakuwahi kuinywa. Mnataka aamke na njaa?"

Na mmoja wao akaenda. Nilimwona anaenda. Mama yangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, akinitazama huku midomo yake ikisema kitu ambacho sikukisikia.

"Lifungueni," nikasema.

Fundi wa mtaa wetu ni Otis, seremala wa milango na vitanda. Alikuwa pale na begi lake la vyombo, na alipoitwa alitoa bisibisi, akafungua skrubu za fremu ya lile dirisha dogo, kwanza fremu, ndipo kifuniko, alisema. Akatia ncha ya bisibisi chini ya kioo. Akakiinua.

Na Mzee Makokha akafa.

Sijui nisemeje vinginevyo. Kioo kilipopanda kutoka usoni pake rangi ilitoka pamoja nacho, kutoka paji la uso, mashavuni, midomoni, mara moja, bila kurudi, na chini yake akabaki mzee wa kijivu aliyekuwa amekufa wiki nzima. Watu walipiga nduru. Otis, kwa hofu, alinirushia kile kioo mikononi kama sufuria ya moto, upepo ukafungua mshono wa tenti, jua likakipiga, na kingo zake zote zikawaka nyekundu kati ya vidole vyangu.

Kingo hizo ningezitambua hata usingizini. Miaka yangu yote imo ndani ya zile kingo. Maabara naziona kwanza, kabla ya kioo chenyewe, lakini hapa zilikuwa zimefichwa na fremu ya mbao, na katika maisha yangu yote ya utafiti sijawahi kuweka uso wa mtu chini ya kioo changu. Kwenye kona, pale Otis aliposaza baada ya kukata, kulikuwa na alama niliyoikwangua kwa mkono wangu.

"Otis," nikasema. "Kioo hiki ulikitoa wapi?"

"Si ni chenu? Kile cha jeneza kilipasuka kwa bampa la gari hapo geti, mamako akatupatia hiki. Alisema umesema tuchukue chochote."

"Nilitaka kukuambia!" mama akalia kutoka mlangoni. "Ulinikatia simu, Akinyi!"

Basi nikaanza kueleza. Mnaweza kupiga picha akilini: msichana aliyesimama kando ya maiti iliyo wazi, ana kioo kinachowaka mkononi, anatoa mhadhara kuhusu chembe zinazomeza mwanga. Nilishika kioo juu ya mkono wangu, mkono ukawa mwekundu, nikakiondoa, ukarudi. Nikasema rangi ilipanda na kushuka kwa ajili ya jua la mshono wa tenti, na ule ukungu ulikuwa pumzi yangu. Nikasema chembe zenyewe hazina sumu (hilo angalau lilikuwa kweli na ndilo pekee lililonifaa). Mzee Simiyu aliketi chini kwenye nyasi na kofia yake mapajani. Kevo alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka, akaacha.

Lakini Mama Nafula hakuwa ananisikiliza. Chai ilikuwa imefika. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, anapuliza mvuke juu yake, kama unavyompozea mtu.

"Mama, tufunge," Mzee Simiyu akasema. "Barabara ni ndefu."

"Hamfungi."

"Mama Nafula..."

"Daktari alisema anapumua. Mbele yenu wote. Pasta hakusema, ninyi hamkusema, yeye alisema. Huyu mtoto huuliza kila kitu. Akisema ndiyo, ni ndiyo." Akaniangalia. "Sivyo?"

Dereva wa basi alizima injini. Watu wakanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na swali. Ningeweza kulia, ningeweza kukimbia. Niliongea kwa sauti ndogo, nikasema, Mama, nilikosea, amekufa.

"Sikusikii."

"Amekufa, Mama."

"Ile ya kwanza hukusema hivyo. Ile ya kwanza majirani wa mtaa wa pili walisikia." Hakuwa na hasira, naomba mnielewe, alikuwa ananisihi. "Sema kama ulivyosema ile. La sivyo nitakuwa naisikia ile peke yake."

Nikaweka kioo chini. Nikavuta pumzi, na mbele ya kanisa zima, mbele ya mama yangu, mbele ya vijana wote niliowahi kuwaambia kwamba hawajui kufikiri, nikapaza sauti hadi ikanipasuka:

"Mzee Makokha amekufa! Alikufa kitini kwake! Hapumui!"

Kikombe kikaanguka. Mama Nafula akalia. Ndiyo mara yake ya kwanza kulia, wanawake waliniambia baadaye, tangu siku ile ya redio, na ilikuwa nduru ya kukusisimua ngozi, na wengine wote wakaishika, na kimya kile cha foleni kikavunjika vipande vipande. Otis akatafuta kile kioo chenye ufa, akakirudisha mahali pake. Basi likaondoka alasiri, limechelewa, na hakuna aliyenilaumu kwa maneno, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Tangu hapo nikienda msibani huketi nyuma kabisa, upande wa sufuria, na wakiita watu wakatazame mwili mimi naosha vikombe. Nimeapa, sitamtazama tena marehemu wa mtu yeyote kupitia chochote, na vioo vyangu havilali tena nje ya maabara. Vijana wananiita Mfufuaji. Nimewazoea.

Nilichoshindwa kuzoea ni kitu kingine, na sijamwambia mtu maabara. Naweza kuwachorea njia ya ule mwanga tangu mshono wa tenti hadi kwenye shavu la yule mzee, kila hatua, na kila hatua ni sahihi. Lakini kuna sehemu yangu, ile ile iliyozoea kuuliza, ambayo bado inaamka mchana kweupe nikiwa kwenye mashine na kuuliza jambo moja, na kila nikiijibu inauliza upya: kama rangi ile ilikuwa ya kioo tu, na pumzi ilikuwa yangu tu, kwa nini nina hakika kabisa kwamba Mzee Makokha alikufa pale tulipokiinua?